Lubumbashi: Windows 10 imeachwa, lakini kompyuta nyingi za mji ziliachwa zamani

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Marekani Microsoft iliacha kutoa viraka vya usalama vya kawaida kwa Windows 10. Mjini Lubumbashi machini ziliwaka asubuhi yake sawa na siku zingine. Sekretariati publiki za Kenya na Kamalondo ziliendelea kuchapa barua na kutoa fotokopi, wanafunzi wakaendelea kubeba memwari zao kwenye flashi. Hakuna kilichovunjika.

Ukimya huo una maelezo yake. Kiraka cha usalama ni programu ndogo ambayo kampuni hutuma kupitia intaneti ili kuziba tundu ambalo wezi wamelivumbua ndani ya mfumo endeshi, yaani ile programu-mama inayowasha kompyuta na kubeba zingine zote. Aliyekuwa akipokea viraka kila mwezi alipoteza kitu Oktoba ile. Lakini machini nyingi za Lubumbashi hazikuwa zikipokea chochote. Viraka vilikuwa vimezimwa na mkono wa fundi, siku ileile Windows ilipowekwa. Kwa mwenye machini ya namna hiyo, tarehe 14 Oktoba ilikuwa imeshapita miaka mingi nyuma, bila yeye kuambiwa.

Ndiyo maana mabishano mawili ambayo kwa kawaida husemwa mbalimbali, moja juu ya programu za kukopiwa bila leseni na lingine juu ya watu kuchelewa kuhamia mifumo mipya, katika mji huu yamekuwa bishano moja. Leseni isiyolipwa ndiyo inayozima viraka, na viraka vikizimwa mfumo unazeeka haraka kuliko chuma kilichoubeba.

Kutoka Dubai hadi Kasumbalesa

Kompyuta ya mkaaji wa kawaida wa Lubumbashi mara nyingi si mpya. Imefanya kazi miaka mitatu au mine kwenye biro ya kampuni fulani ya Ulaya au ya Ghuba, ikauzwa kwa mafungu Dubai, ikapanda meli hadi Dar es Salaam, ikapita Tunduma na Nakonde, ikakata Zambia nzima na kuingia Congo kupitia Kasumbalesa. Inapofika katikati ya mji inaongea Kiingereza, mara nyingine Kiarabu. Mnunuzi anataka Kifaransa.

Fundi anachomeka flashi yake. Anafuta kila kitu, anaweka Windows ya Kifaransa ambayo ameshaiweka kwenye machini zingine nyingi, anaongeza Office, antivirusi na programu ya kutengeneza picha. Kisha anapitisha aktivateri, programu ndogo ya kudanganya kufuli ya Microsoft ili iamini kwamba leseni imelipwa. Mteja analipia kazi ya mikono na muda. Programu zenyewe hazina bei. Zimehesabiwa kama hewa.

Udanganyifu huo unapita kwenye mlango ambao Microsoft iliufungua yenyewe. Tangu Windows Vista, mashirika makubwa hayalazimiki kuingiza namba ya leseni kwenye kila machini. Yanaweka seva moja ndani ya nyumba, na kompyuta zote huiuliza seva hiyo kama ziko sawa kisheria. Jibu linadumu siku 180, na zinapaswa kuuliza tena kabla muda huo haujaisha. Aktivateri nyingi hujifanya kuwa seva ya namna hiyo. Kompyuta ya mwanafunzi wa Katuba inasadiki kwamba inakaa ndani ya kampuni yenye walau machini 25, na kwamba kuna mkubwa fulani aliyelipa.

Baada ya hapo fundi anazima masasisho, na anafanya hivyo kwa sababu zenye maana. Ya kwanza ni mega. Toleo jipya la Windows linaweza kula gigabaiti kadhaa, na katika nyumba ambamo mega hununuliwa kwa siku au kwa juma, kompyuta inayojipakulia vitu usiku bila kuomba ruhusa ni mwizi wa ndani. Ya pili ni umeme: sasisho likikatika katikati juu ya moto kupotea, machini inaweza kukataa kuwaka, na mteja atarudi kwa fundi akiwa na hasira. Ya tatu ni hofu kwamba sasisho litaleta kufuli mpya, skrini iwe nyeusi na maandishi yatokee pembeni kusema kwamba nakala hii si halali.

Hofu hiyo ya tatu haikuzushwa Lubumbashi.

Kampuni yenye mioyo miwili

Malalamiko ya kukopia ni ya zamani kama Microsoft yenyewe. Mnamo Februari 1976, Bill Gates akiwa kijana wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta wa Marekani akiwalaumu kwamba wengi wao wanatumia programu yake bila kuilipia. Kwa miaka 25 iliyofuata ulinzi ulikuwa hafifu: namba iliyoandikwa kwenye kasha, ambayo rafiki angeweza kumpa rafiki. Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, ilibadili mambo kwa watu wa nyumbani. Sasa kompyuta ilipaswa kujitambulisha kwa Microsoft kwa intaneti au kwa simu, la sivyo ingefunga.

Vista ilikwenda mbali zaidi. Ilipofika madukani mwishoni mwa Januari 2007, kompyuta ambayo haikuthibitishwa kwa muda uliowekwa ilishushwa hadi hali ya nusu kifo: mwenyewe aliruhusiwa kutembea kwenye intaneti kwa saa moja tu, kisha akatolewa. Agosti mwaka huohuo seva za Microsoft za kukagua uhalali zilipata hitilafu, na maelfu ya wateja waliolipa feza zao wakaambiwa kwamba wana nakala ya bandia. Mwaka 2008 kampuni ililegeza, ikaondoa adhabu ile na kuacha maonyo.

Kosa la aina hiyo halikuwa la Microsoft peke yake. Mwaka 2005 Sony BMG iliuza CD za muziki zilizojificha programu ya kuzuia kukopia ndani ya kompyuta ya mnunuzi bila kumwambia vizuri. Watengenezaji wa virusi wakaanza kujificha nyuma ya programu hiyo, na CD zikarudishwa. Aliyekopia muziki barabarani hakupata shida hiyo, iliwapata walionunua.

Vista ilikuwa na dhambi zingine pia: nzito, na printa nyingi hazikuielewa. Lakini watu wengi waliamua kubaki na XP, kazini na nyumbani, na Microsoft ikalazimika kuibeba XP hadi tarehe 8 Aprili 2014, karibu miaka 13 tangu izaliwe. Wanaosema Waafrika huchelewa kuhamia mifumo mipya kwa sababu ya kutojua wasisahau kwamba mabenki ya Ulaya yalichelewa vilevile.

Na kuna moyo wa pili wa kampuni hii, ambao hausemwi sana. Mwaka 1998, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Washington, Gates alisema juu ya Wachina kwamba kama wataiba programu, basi afadhali waibe za Microsoft. Watazizoea, na siku moja kampuni itapata njia ya kuwadai. Mwaka 2015, Windows 10 ilipokuwa ikikaribia kutoka, mkuu mmoja wa Microsoft alitangaza kwamba hata kompyuta zisizo na leseni zingeweza kupandishwa kwenda mfumo mpya. Baada ya siku chache kampuni ilifafanua: zitapandishwa, lakini zitabaki zisizo halali.

Lubumbashi ni matunda ya moyo huo wa pili. Kizazi kizima kimejifunza Word na Excel bila kulipa hata franka moja, na leo mwenye kutafuta kazi kwenye kampuni ya madini anaulizwa kama anajua Excel. Soko limeshatengenezwa. Kusema kwamba Microsoft ilipoteza kila kitu hapa ni hesabu ya upande mmoja. Mwaka 2018 muungano wa makampuni ya programu, BSA, ulikadiria kwamba duniani programu 37 kwa kila 100 zilizowekwa kwenye kompyuta mwaka 2017 hazikuwa na leseni, na bado Microsoft ni moja ya kampuni tajiri kuliko zote.

Kufuli iliyoingia ndani ya chuma

Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na ilikuja na masharti ya aina mpya. Mbali na RAM ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64, inadai chipu ya usalama inayoitwa TPM ya toleo la 2.0, na prosesa isiyo ya zamani: kwa Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Microsoft inasema ni kwa ajili ya usalama, kwani chipu hiyo hutunza funguo za siri mahali ambapo virusi haviwezi kufika kirahisi. Wapinzani wanasema machini nzima, zenye afya, zimehukumiwa kutupwa.

Bishano hili nalo lina mizizi. Mwaka 2002 Microsoft ilipotangaza mradi wake wa Palladium, wa kuweka uaminifu ndani ya chipu, watetezi wa programu huria kama Richard Stallman walionya kwamba siku itafika kompyuta itamtii mtengenezaji wake kabla ya kumtii mwenye kuinunua. Haki iendeshwe pande zote: TPM ya leo haikagui kama Windows imelipiwa. Lakini imebadili mchezo kwa namna nyingine. Zamani kila Windows mpya ilipotoka, jibu la Lubumbashi lilikuwa kwenye flashi ya fundi. Safari hii gharama haiko kwenye leseni. Iko kwenye machini yenyewe, na chuma hakikopiwi.

Ni kweli mafundi wanajua njia za kuruka masharti hayo na kuiweka Windows 11 kwenye kompyuta ya mwaka 2013. Microsoft imeandika wazi kwamba machini za namna hiyo hazina uhakika wa kupokea masasisho. Mteja anapata sura mpya ya skrini, anafurahi, na anarudi palepale alipokuwa: mfumo usio na viraka, sasa ukiwa mzito zaidi.

Duniani kote uhamaji ulikwenda polepole. Kwa takwimu za StatCounter, Windows 11 iliipita Windows 10 kwa matumizi Julai 2025 tu, karibu miaka minne baada ya kutoka na miezi mitatu kabla ya Windows 10 kuachwa. Kama Ujerumani na Japani zilisitasita, soko la Kenya lingekimbilia wapi?

Leseni iliyofutwa na mwenyewe

Kuna jambo moja katika safari ya zile kompyuta za Dubai ambalo wanunuzi wengi hawalijui, na ambalo linaugeuza mchezo huu kuwa kichekesho.

Kompyuta ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya biro huko Ulaya, kwa kawaida ilitoka kiwandani na leseni yake ya Windows. Zamani leseni hiyo ilikuwa kibandiko chini ya machini, kinachofutika kwa jasho na vumbi. Tangu Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wengi huichoma namba hiyo ndani ya ubao-mama. Haionekani, haifutiki kwa kuformati, na inasafiri na machini popote inapouzwa. Machini ya mwaka 2018 iliyozaliwa na Windows 10 Pro ingali na haki yake inapovuka Kasumbalesa.

Halafu inafika kwa fundi, ambaye anaweka nakala ileile aliyozoea, mara nyingi toleo la kampuni kubwa ambalo haliendani na namba iliyo ndani, na kupitisha aktivateri. Yaani mtu ameuziwa nyumba yenye hati, kisha fundi anavunja dirisha ili amwingize. Iwapo angeweka toleo linalofanana na lile la kiwandani, likiwa limepakuliwa kwa Microsoft yenyewe ambako ni bure, Windows ingejitambua mara ikiunganishwa na intaneti. Lugha ya Kifaransa inaongezwa baadaye bila malipo.

Hapo pia ndipo umri wa machini unapokuwa na maana kuliko rangi yake. Kompyuta yenye Intel ya kizazi cha 8 au zaidi ina leseni ndani mara nyingi, ina TPM 2.0, na inapanda kwenda Windows 11 bure, kwa njia halali, na viraka vinaendelea. Ile ya kizazi cha 6 au cha 7 ina leseni lakini mlango wa Windows 11 umefungwa. Ya kizazi cha 3 au cha 4 imeshazeeka kwa kila hesabu. Wauzaji hutaja i5 na i7 kwa sauti kubwa, na kizazi kwa sauti ndogo. I7 ya mwaka 2013 inauzwa kwa sifa kuliko i5 ya mwaka 2018, na mnunuzi anaondoka akidhani amepata.

Kwa wale ambao machini yao haikuja na leseni, bei rasmi ni ukuta. Windows 11 Home inauzwa dola 139 Marekani, Pro karibu dola 200. Kwa biashara ndogo ya mji hiyo ni bei ya kompyuta nyingine ya mtumba.

Hasara inampata asiyekuwepo

Mabishano ya kukopia programu husemwa kila mara kama ugomvi wa watu wawili, tajiri wa Marekani na maskini wa Afrika. Kwa namna hiyo maskini hushinda upesi, na kwa haki. Lakini kuna mtu wa tatu ambaye hatajwi: mteja wa sekretariati.

Fikiria nini kinapita kwenye machini ya sekretariati publiki karibu na biro ya komini au karibu na Unilu. Skani za kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Wakongomani wengi imekuwa kitambulisho. Pasipoti. Diploma. Hati za kiwanja. Barua za kuomba kazi zenye namba ya simu na anwani. Orodha za mshahara za masomo ya binafsi. Wateja wanazituma kwa WhatsApp au kwa imeli, wanafungua akaunti zao hapohapo, na mafaili yanabaki ndani miezi na miezi. Aliyeweka aktivateri ni mwingine, aliyezima viraka ni mwingine, na nenosiri lililopotea ni la mtu aliyeingia kutoa fotokopi mbili.

Aktivateri yenyewe ni mlango. Ili ifanye kazi, fundi huzima antivirusi kwanza, na kuipa programu ya mtu asiyemjua ruhusa zote za machini. Programu zilizovunjwa kufuli zimekuwa kwa miaka njia kuu ya kusambaza virusi vinavyokusanya manenosiri yaliyohifadhiwa ndani ya kivinjari. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kampuni ya usalama EclecticIQ ilieleza jinsi kundi la Sandworm, linalohusishwa na ujasusi wa jeshi la Urusi, lilivyotumia aktivateri za Windows zilizotiwa sumu kuingia ndani ya kompyuta za Ukraine. Walichagua njia hiyo kwa sababu walijua kwamba huko pia biro nyingi, hata za serikali, hutumia Windows isiyolipwa.

Na flashi ndiyo daladala ya virusi. Oktoba 2008 Microsoft ilitoa kiraka cha haraka cha kuziba tundu moja kubwa. Wiki chache baadaye mdudu aliyeitwa Conficker akaanza kutembea, akipitia mitandao na flashi, na kuingia ndani ya mamilioni ya machini ambazo hazikuwa zimewekewa kiraka hicho. Mei 2017 hadithi ilirudi kwa jina la WannaCry: kiraka kilikuwa kimetoka tangu Machi, lakini kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150 zilifungwa na wenyewe wakadaiwa feza. Kaspersky ilihesabu kwamba karibu zote zilizopigwa zilikuwa za Windows 7. Mara zote mbili dawa ilikuwepo kabla ya ugonjwa.

Katika Haut-Katanga kuna upande mwingine unaogusa feza moja kwa moja. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 imeziwekea akiba kazi za sous-traitance kampuni za Wakongomani, na tangu hapo kampuni ndogo nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinatuma fakturi kwa makampuni ya madini kwa njia ya imeli. Kampuni ya madini ina biro yake ya informatiki na leseni zake. Kampuni ndogo ina kompyuta moja ya sekretari, yenye Windows ya flashi. Mwizi mwenye nenosiri la sekretari hahitaji kuvunja chochote: anasubiri fakturi, anabadili namba ya akaunti ya benki, anaituma tena. Mtindo huu wa wizi unajulikana duniani kote, na mara nyingi feza zikishapita hazirudi. Kwa kampuni ya watu wanane, fakturi moja kama hiyo inaweza kuwa mwisho wa kampuni.

Sheria ipo, mlango haubishwi

Kwenye karatasi, Congo haina pengo. Ordonansi-sheria namba 86-033 juu ya haki za watunzi ilitiwa sahihi tarehe 5 Aprili 1986, enzi ya Zaire, wakati Windows ya kwanza ilikuwa haijatimiza miezi mitano. Nchi imo ndani ya Shirika la Biashara la Dunia tangu Januari 1997, na mkataba wa shirika hilo juu ya mali ya akili unasema programu za kompyuta zinalindwa kama maandishi ya fasihi. Hata hivyo nchi maskini kuliko zote, Congo ikiwemo, zimepewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba huo. Kisha kuna Kodi ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, yenye kitabu kizima juu ya usalama na ulinzi wa kijinai wa mifumo ya kompyuta.

Polisi hawajulikani kwa kupita biro hadi biro wakikagua Windows, na pengine ni vema. Ingekuwa barrière nyingine ya kulipia. Isitoshe wanaoumia na kukopia mjini si Wamarekani peke yao. Mwanamuziki wa Kamalondo anayelia kwamba nyimbo zake zinauzwa kwa gigabaiti kwenye flashi mara nyingi amezirekodi na programu ya kukopiwa. Analia kwa haki, lakini hawezi kumlaumu muuza flashi kwa sauti kubwa sana.

Njia zilizobaki wazi

Kwa wenye Windows 10 halali, Microsoft ilitangaza Oktoba 2024 nyongeza ya mwaka mmoja wa viraka, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu wa nyumbani analipa dola 30, au halipi kitu kama atakubali kuhifadhi mipangilio ya machini yake kwenye akaunti ya Microsoft. Biashara zinalipa dola 61 kwa kila machini mwaka wa kwanza, na bei inapanda mara mbili kila mwaka. Wakaaji wa Ulaya, baada ya vyama vya walaji kupiga kelele, walilegezewa masharti ya njia ya bure. Afrika haikupigiwa kelele na mtu. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wakongomani 73.5 kwa 100 waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Kwao dola 30 ni chakula cha wiki mbili.

Njia nyingine ni Linux. Ni bure kisheria, inakubali machini za zamani, na viraka vyake vinakuja bila kuuliza leseni. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, imebeba jina ambalo Mluba analielewa bila kamusi: bumuntu. Kwa upande wa kuandika na kuhesabu kuna LibreOffice. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walishatoa programu ya ofisi ya bure kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice.

Kwa nini basi Linux haikushika Lubumbashi? Kwa sababu programu nyingi za hesabu za biashara zinazotumika katika nchi za OHADA, ambamo Congo iliingia mwaka 2012, zimeandikwa kwa Windows, na zile za michoro ya migodi vilevile. Mhasibu hana pa kuhamia. Lakini sekretariati publiki haifanyi hesabu za OHADA. Inachapa, inaskani, inafungua imeli. Kazi hizo zote Linux inazifanya, kwenye ileile machini ya kizazi cha 4 ambayo Windows 11 imeikataa. Shida ya kweli iliyobaki ni faili za Word zinazohama mistari zikifunguliwa kwenye LibreOffice, na mwanafunzi mwenye memwari ya kurasa 90 hataki kusikia maelezo. Kwa yeye PDF inatosha wakati wa kuchapa, mradi aitengeneze nyumbani kabla ya kuja.

Mafundi ndio wenye ufunguo. Wengi wamesoma, baadhi katika masomo ya juu ya informatiki ya mji kama Salama, na wanajua yote haya kuliko wateja wao. Lakini mteja hulipia machini inayowaka leo, wala hana njia ya kuona kama viraka vimezimwa. Atakayeanza kuuza kazi ya kurudisha leseni ya kiwandani, na kumwonyesha mteja kwenye skrini kwamba masasisho yako wazi, atauza kitu ambacho hakimo kwenye flashi ya jirani yake.

Kwa sasa kuna tarehe nyingine ambayo haikutangazwa sana. Siku ileile ya 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha pia kutoa viraka vya Office 2016 na Office 2019, ndizo zilizojaa kwenye flashi za mji. Faili la Word linalotoka kwa mtu asiyejulikana na kufunguliwa kwenye machini ya sekretariati linapita sasa kwenye milango miwili isiyo na mlinzi.